Kwa Miguu hadi Tembe la Kwihara: Jinsi ya Kujiongoza Mwenyewe kutoka Tabora Mjini

Mgeni akishuka kwenye treni hapa Tabora, haipiti siku kabla hajauliza kuna nini cha kutazama. Wenyeji humtaja David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti aliyewahi kukaa katika tembe la Kwihara, naye mgeni hukodi bodaboda, akafika Kwihara, akapiga picha mbili mlangoni, akarudi mjini. Saa moja haijaisha. Ukimuuliza ameona nini, atakwambia ameona nyumba ya udongo.

Mimi naomba uende kwa miguu. Tembe lenyewe ni dogo, vyumba vyake vinahesabika, na vitu vilivyomo ni vichache. Kilicho kikubwa ni njia. Huku ndiko walikopita watu waliobeba pembe, vitambaa, shanga na nyaya za shaba kwa vichwa na mabega, miaka mingi kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, na nusu ya yale ambayo tembe linataka kukueleza utakuwa umeshayajua kwa miguu yako kabla hujafika mlangoni. Huhitaji kiongozi wa watalii. Unahitaji mwenzako mmoja, maji ya kutosha na asubuhi nzima.

Kutoka mjini ni kama kilomita 6 hadi 8, inategemea umeanzia wapi. Mtu wa kawaida anatembea saa mbili. Ukisimama ninapokushauri usimame, weka saa tatu.

Kwanza, chagua mwezi

Mvua za Tabora huanza Novemba na kukatika Aprili. Miezi mizuri ya safari hii ni Juni na Julai: asubuhi kuna baridi ya kuvalia sweta, njia imekauka na kuwa ngumu, majani yamelala, na unaona mbali. Ukiwa na watoto au wazee, usifikirie mwezi mwingine.

Septemba na Oktoba ni miezi ya jua kali, lakini ina zawadi yake. Miombo huchipua majani mapya kabla ya mvua kunyesha, na majani hayo hayaanzi na kijani. Huanza na wekundu, mengine rangi ya shaba, mengine kama mvinyo, halafu ndiyo yanageuka kijani polepole. Mtu aliyezoea kuona msitu ukisubiri mvua hushangaa: ardhi imepasuka, visima vimeshuka, na mti unavaa nguo mpya. Kama wewe ni mpenda picha, nenda mwezi huo, ila utii sheria ya kuondoka alfajiri.

Sheria hiyo niliipata kwa gharama. Mwaka wa kwanza nilipompeleka mpwa wangu, alikuwa na miaka kumi na moja, ilikuwa Oktoba, na tulitoka nyumbani saa nne asubuhi, kila mmoja na chupa ya nusu lita. Saa sita tulikuwa bado njiani. Mtoto akaanza kulalamika kichwa, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikonitisha. Akatapika chini ya mwembe. Mama mmoja aliyekuwa anatoka kuchota maji akashusha ndoo yake bila kuulizwa, akamlowesha kichwa na shingo kwa khanga, akamnywesha kidogokidogo. "Pole mjukuu wangu," akamwambia, kisha akanigeukia mimi: "Na wewe baba, jua hili hukuliona?" Sikuwa na jibu. Tulipumzika kwake mpaka saa kumi, tukarudi mjini bila kuliona tembe.

Masika nayo inawezekana, kwa mwenye moyo. Tope ni jingi, majani ni marefu na huoni unapokanyaga, hivyo fimbo ni lazima. Lakini ndiyo miezi ya uyoga na ya maembe. Uyoga ununue kwa akina mama wanaoujua. Usiuchume mwenyewe hata kama unafanana kabisa na ule uliokula jana.

Usiku wa kuamkia safari

Maji lita tatu kwa kila mtu mzima. Najua ni mazito. Yabebe.

Chakula usihangaike na biskuti, hukupa kiu. Nenda sokoni ununue matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikakauka, pamoja na karanga za kukaanga. Usichanganye na michembe, ambayo huanikwa ikiwa mbichi na inataka kupikwa. Tobolwa likiwa jipya ni gumu kama ngozi. Liweke mdomoni, liache lilainike, tafuna na karanga chache. Linakaa tumboni, halichachi kwenye joto, wala halipondeki kwenye mkoba. Kwa safari ya Unyamwezini sijaona chakula kinacholizidi.

Vaa viatu vya kufunika, vilivyokwisha kuuzoea mguu. Vaa suruali ndefu, hata kama ni joto, kwa sababu ya upupu. Wale wasioujua: ni mmea unaotambaa kwenye vichaka, maganda yake yana manyoya ya rangi ya dhahabu yanayopendeza machoni, na ukiyagusa utajikuna mpaka usiku. Ukiguswa usisugue kwa mkono. Paka majivu au udongo mkavu, pangusa taratibu, kisha osha. Nguo ziwe za rangi iliyofifia, kaki au kijivu. Karibu na mji mbung'o si wa kukusumbua, lakini ukiwa na mpango wa kuendelea kwenye misitu mikubwa ya mkoa huu siku nyingine, jua kwamba mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi.

Vingine: kofia, leso, tochi ndogo (utaihitaji ndani ya tembe), daftari, noti ndogondogo, na salio kwenye simu, maana malipo ya maeneo ya serikali siku hizi mara nyingi hupitia namba ya malipo. Ramani ya eneo ipakue ukiwa nyumbani, usitegemee mtandao njiani. Na umwambie mtu unayemwacha nyumbani: tunakwenda Kwihara, tutarudi saa fulani.

Kuondoka, na kuitumia jua kama dira

Ondoka kukipambazuka. Wageni wa Dar es Salaam wakumbuke kwamba huku jua huchomoza karibu nusu saa baada ya kwao, kwa hiyo saa kumi na mbili kamili bado ni giza. Saa kumi na mbili na nusu ndiyo saa nzuri ya kufunga mlango.

Kwihara iko kusini-magharibi ya mji. Shika barabara ya Kipalapala, kisha uulize Itetemia, na ukifika Itetemia uulize Kwihara. Njia za miguu ni nyingi na hubadilika kila mtu anapofungua shamba jipya, kwa hiyo sitakupa hesabu ya kona za kulia na za kushoto. Nitakupa kitu kinachodumu. Asubuhi unapokwenda, jua likupige mgongoni, upande wa bega la kushoto. Jioni unaporudi, jua limehamia magharibi na wewe umegeuka, kwa hiyo litakupiga palepale, mgongoni, bega la kushoto. Likikupiga usoni wakati wowote wa safari, umepotea, simama uulize.

Kuuliza nako kuna adabu na kuna ufundi. Adabu ni salamu. Mzee umpe shikamoo, na kwa asubuhi ukimwambia "Mwangaluka" kwa Kinyamwezi utaona uso unavyofunguka. Ukirukia swali kabla ya salamu utajibiwa, ila utajibiwa nusu. Ufundi ni huu: usiulize "Hii ndiyo njia ya Kwihara?" kwa sababu mtu mpole atakwambia ndiyo ili asikuvunje moyo. Uliza "Njia ya Kwihara ni ipi?" Hapo atalazimika kunyoosha mkono. Ukiona Kwihara haieleweki, sema unakwenda kwa Livingstone. Mpaka watoto watakuelewa.

Usikate katikati ya mashamba ya watu, hata kama unaona paa la unapokwenda.

Mambo ya kusimamia njiani

Cha kwanza utakachokiona ni miembe, mikubwa, vivuli vyake vikigusana. Usiipite kama miti ya kawaida. Mwembe si mti wa asili ya huku. Ulikuja na watu wa misafara ya pwani, na mahali unapoiona imezeeka pamoja ujue palikuwa na makazi au mapumziko ya zamani. Simama chini ya mmoja, jaribu kuukumbatia na mwenzako muone kama mikono yenu inakutana upande wa pili.

Pili, mabani ya tumbaku. Ni vijumba virefu vya udongo vya kukaushia majani ya tumbaku ya mvuke, na moto wake hauachi kula kuni kwa siku kadhaa mfululizo. Tumbaku imewasomesha watoto wengi wa mkoa huu, nami sitawahukumu wakulima wake. Lakini ukishaona bani moja na rundo la magogo pembeni yake, utaelewa kwa nini miombo imesogea mbali na mji, na kwa nini mabaki yake unayopita katikati ya mashamba yanastahili kutazamwa kwa makini. Mimi hunitia uchungu kila mwaka ninapokuta kipande kilichokuwa na miti sasa kina visiki.

Ukifika kwenye kipande chenye miti, toa dakika ishirini. Usitembee. Simama.

Tafuta mninga. Gome lake limepasukapasuka kama ngozi ya mamba aliyekauka, na chini yake wakati wa kiangazi utaokota tunda lisilofanana na lingine: duara la ukubwa wa kiganja, jembamba na jepesi kama karatasi pembeni, na katikati lina kifundo kilichojaa miiba laini kama brashi. Liweke kwenye kiganja. Libonyeze pale katikati uone jinsi miiba inavyochoma bila kuumiza. Kisha lirushe juu. Litashuka likizunguka, na upepo ukiwepo litatua mbali na mama yake. Hiyo ndiyo kazi ya lile bawa. Pale ambapo panga limeupiga mti wa mninga, utaona utomvu mwekundu ulioganda, ambao kwa mbali utaapa ni damu. Tafadhali usiukate mwenyewe ili uone. Majeraha yaliyopo yanatosha.

Kisha tafuta myombo, mti ulioupa msitu wote jina lake. Shina lililobanduliwa gome kuzunguka mwili mzima utalitambua mara moja, limebaki wazi kama mguu uliovuliwa soksi. Gome la myombo hutoa kamba, na hutoa mzinga: hubanduliwa kipande kizima, hukunjwa kuwa mviringo, hushonwa, huzibwa huku na huku, hupandishwa mtini. Ukiinua macho utaona mizinga imelala kwenye matawi. Mti uliobanduliwa hivyo hufa. Ndiyo maana wataalamu wa nyuki, pamoja na wale wa Chuo cha Ufugaji Nyuki hapa Tabora, wamekuwa wakihimiza mizinga ya mbao. Likumbuke gome hili. Tutalirudia ndani ya tembe.

Kuhusu nyuki: tazama ukiwa mbali, usirushe kitu, usijipulizie manukato siku hiyo. Wakikuandama, kimbia moja kwa moja ufunike uso, usipungepunge mikono.

Kama una bahati utamsikia mlembe, ndege mdogo wa kijivujivu anayeita kwa kelele za haraka, anaruka mti mmoja, anakungoja, anaita tena. Anakuongoza kwenye asali. Hilo si hadithi ya bibi. Kwa vizazi na vizazi warina asali wamemfuata, wakafungua mzinga kwa moshi, na kumwachia yeye nta na majana. Msikilize, mfurahie, usimfuate, maana yeye hajui kwamba wewe unakwenda Kwihara.

Na wakati wa kiangazi, jua likipanda, sikiliza mlio mkavu juu kwenye matawi: tak! Kisha mwingine. Ni maganda ya miombo yanapasuka kwa joto, yanajinyonga, yanatupa mbegu mbali. Mpwa wangu, tuliporudia safari yetu mwezi wa saba mwaka uliofuata, alidhani kuna mtu anatutupia mawe.

Pumziko la mzigo

Mkibakiza nusu saa kufika, kaeni kivulini, kuleni matobolwa, halafu mfanye zoezi moja. Huwa nalifanya na vijana wote ninaowapeleka na sijawahi kulijutia.

Mzigo wa mpagazi wa msafara ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Hutakuwa na kilo 32 mkononi, lakini mwenzako anaweza kukusanya mikoba yote ya kundi, akaifunga pamoja kwa khanga. Iweke begani, wala si mgongoni. Tembea hatua mia mbili. Usibadilishe bega.

Sasa piga hesabu. Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alitoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 akafika huku Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, tarehe 23 Juni. Miezi mitatu, na yeye alikuwa na punda wa kumpanda. Wapagazi walikuwa na mabega yao. Wengi wa wapagazi wa njia hii ya kati walikuwa Wanyamwezi, watu wa papa hapa, na kijana wa Kinyamwezi aliyefika pwani na kurudi aliheshimiwa nyumbani kama mtu aliyekomaa. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, na yeye ndiye aliyeijua njia, visima vyake, na watemi wa kulipwa hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi zao. Unapoona kwenye vitabu mishale inayoonyesha njia ya mpelelezi fulani, weka jina la kirangozi kwenye mshale huo akilini mwako, japo hawakuliandika.

Ndani ya tembe

Utaliona limekaa chini, rangi yake ya udongo mwekundu, paa bapa, kuta nene. Hilo ndilo umbo la tembe: miti imelazwa juu ya kuta, juu ya miti udongo, na katikati ya nyumba kuna ua ulio wazi. Nyumba ya namna hii haiwaki kirahisi kama ya nyasi, na kwa miaka ile moto ulikuwa silaha.

Mtafute mhifadhi kwanza. Salimia, eleza mlikotoka, lipa kiingilio, pokea risiti. Akijitolea kuwaeleza mambo, msikilizeni mpaka amalize. Kujiongoza mwenyewe maana yake si kumkatiza mwenye nyumba. Kisha mwombe muda wa kuzunguka wenyewe.

Anza na mlango. Mbao zake zina nakshi za pwani, na hapo peke yake unaona jinsi mkono wa Unguja ulivyofika katikati ya bara. Tazama kwa macho. Mafuta ya vidole huila mbao ya zamani, na wewe si mgeni wa mwisho.

Ukivuka kizingiti, simama. Umetoka kwenye jua kali, humo ndani ni giza, na macho yanataka dakika mbili tatu kuzoea. Niliwahi kuingia mapango ya chokaa ya Amboni, kule Tanga, na kosa la wageni wengi kule ni lilelile: wanaingia, hawaoni kitu, wanawasha tochi usoni mwa wenzao, wanapita haraka. Pangoni au tembeni, kawaida ni moja. Subiri macho yafunguke, tochi ielekeze chini na pembeni, usiguse ukuta, inua kichwa utazame dari. Mwanga ukipiga ukuta kwa ubavu, utaona mikwaruzo na alama ambazo mwanga wa mbele huzificha.

Zunguka chumba kimoja kimoja. Nakala za barua na ramani zilizopo zisome taratibu, halafu ubebe haya kichwani, kwa sababu maelezo ya ukutani hayasemi yote.

Stanley alikaa Kwihara karibu miezi mitatu mwaka 1871, kwa kuwa njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa na Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyekuwa akipigana na Waarabu wa Tabora. Tarehe 22 Agosti mwaka huo jeshi la Mirambo liliingia Tabora likachoma sehemu ya mji. Huku Kwihara Stanley aliamuru kuta zitobolewe matundu ya bunduki, akapandisha bendera ya Marekani, akangoja kushambuliwa. Mirambo hakuja. Tarehe 20 Septemba Stanley aliondoka kwa kuzunguka kusini, na mwishoni mwa mwaka akamkuta Livingstone Ujiji.

Walirudi hapa wote wawili tarehe 18 Februari 1872. Stanley akaondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi. Livingstone akabaki, akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia. Akangoja Aprili, Mei, Juni, Julai. Simama uani hapo katikati na ufikirie miezi mitano ya kungoja, mtu mgonjwa, katika nyumba hii. Watu walipofika, akaondoka tarehe 25 Agosti 1872, na hakurudi akiwa hai.

Alirudi amebebwa. Alifia kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, tarehe 1 Mei 1873. Watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliutoa moyo wakauzika chini ya mti, na mwenzao Jacob Wainwright akasoma maneno ya mazishi. Mwili waliukausha juani, wakaufunga kwa kitambaa, kisha wakabandua gome la mti kipande kizima, wakalifanya mviringo, wakauweka ndani yake. Sasa unaliona lile gome nililokwambia ulikumbuke. Hakuna aliyewafundisha, ni ufundi uleule wa mzinga wa nyuki uliouona mtini asubuhi.

Walifika Unyanyembe Oktoba 1873. Hapa walimkuta Cameron, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, naye amepewa kukaa katika nyumba hii. Cameron akawashauri wamzike hapahapa, akawaeleza hatari za njia. Wakakataa. Na hatari zilikuwapo kweli: mbele ya safari walikuta watu wasiokubali maiti ipite katika nchi yao. Basi wakafunga mabua ya mtama kwa kitambaa, wakayapa umbo la maiti, wakatuma wenzao warudi nayo kana kwamba wamekubali kuzika Unyanyembe. Mwili wenyewe wakaufunga kama mtumba wa nguo, wakaupitisha mbele ya macho ya watu mpaka pwani, walikofika Februari 1874. Tarehe 18 Aprili mwaka huo ulizikwa London, Westminster Abbey.

Mimi huwa nakaa kizingitini kwa dakika kumi baada ya haya yote, bila kusema. Nyumba hii inaitwa kwa jina la mgeni mmoja, na sina ugomvi na jina lake. Ila nikiwa na vijana, huwaambia waandike kwenye daftari majina matatu kabla hawajatoka: Chuma, Susi, Wainwright. Wewe nawe andika.

Usiokote kigae wala kipande cha udongo kwa ukumbusho. Na kama kuna kitabu cha wageni, kijaze kwa mwandiko unaosomeka. Idadi ya wageni iliyoandikwa ndiyo inayomsaidia mhifadhi kuomba ukarabati wa paa, na paa la udongo lisipopakwa kila baada ya mvua halikai.

Kurudi

Pumzikeni kivulini mpaka kama saa tisa na nusu, jua lipungue. Hakikisheni kila mmoja amebakiza lita moja ya maji. Kama hana, ombeni kwenye nyumba za jirani na mshukuru kwa kitu, hata karanga zilizobaki. Maji ya kisima yachemsheni au muwe na dawa ya kutibu maji.

Ukiona mtoto amenyamaza ghafla, au mtu mzima ameacha kutoa jasho, safari ya miguu imeishia hapo. Mpelekeni kivulini, mloweshe shingo na makwapa, na mtafute bodaboda. Itetemia ni rahisi kuipata kuliko Kwihara. Bei mkubaliane kabla hamjapanda, na kila mtu apande yake.

Walio wazima wafuate njia waliyokuja nayo, jua begani kushoto. Saa kumi na mbili na nusu mnatakiwa muwe mmeshaiona barabara ya Kipalapala, kwa sababu giza la huku likishuka halisubiri. Na mkipita kwa mama aliyewaonyesha njia asubuhi, simameni mmwambie mmefika. Alikuwa anawafikiria.